Harufu ya Petroli Ina Kwao: Kutafuta Uvujaji wa Mvuke kwenye Pikapu za Zamani na Boti

Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa Mokowe mbele ya madereva wa pikapu, mafundi wa gereji, manahodha wa boti na wafanyabiashara wa mafuta. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Mokowe ni mahali ambapo safari ya barabara hugeuka kuwa safari ya bahari. Mtu anayetoka Mpeketoni, Hindi au Witu hushuka garini hapa na kupanda boti ya kwenda Amu, Faza au Kizingitini. Petroli nayo husafiri vivyo hivyo. Hufika bara kwa lori, huingia kwenye tangi la pikapu au kwenye dumu, kisha huvuka maji. Katika safari hiyo yote harufu yake huwa karibu na watu, hadi wengi wameizoea. Dereva husema, "Gari hili ndivyo lilivyo." Nahodha husema, "Boti ya petroli lazima inuke petroli."

Kauli hizo mbili ndizo zinazojibiwa leo. Gari zima halinuki petroli, wala boti nzima hainuki petroli. Harufu ni ushahidi kwamba mvuke umepata njia ya kutoka mahali fulani, na mahali hapo panaweza kupatikana kwa kutafuta kwa utaratibu, bila vifaa vya bei kubwa na bila kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya moto wa petroli ni harufu.

KINACHOWAKA NI MVUKE

Petroli ya majimaji yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Lamu haijawahi kuiona. Dizeli ni tofauti, kwa sababu hadi ipashwe joto kupita nyuzi 50 haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa cheche. Ndiyo maana fundi aliyezoea malori ya dizeli hapaswi kuleta mazoea yake kwenye pikapu ya petroli.

Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupai juu kama moshi wa jikoni. Hushuka, hutambaa ardhini, hujaa kwenye shimo la gereji na kwenye mtaro, na ndani ya boti hujilaza kwenye ngama. Unaweza kufika hadi kwenye jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali, ukawaka huko na kurudi na moto hadi ulikotoka.

Ili uwake, mvuke huo unahitaji kuwa kati ya sehemu 1.4 na 7.6 hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Petroli ya kujaza kikombe kimoja cha chai, ikigeuka yote kuwa mvuke, inatosha kuifanya hewa ya mita 2 za ujazo kuwa tayari kulipuka. Hiyo ni nafasi inayokaribia ya chini ya mbao za kukanyagia katika boti nyingi ndogo za abiria.

Kenya imeshalipia somo hili kwa maisha ya watu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka na watu wakaenda kuchota. Moto uliofuata uliua zaidi ya watu 100. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaani Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni, watu wakaifuata kwa ndoo, na moto ukawakuta hapo hapo. Katika matukio hayo mawili petroli ilionekana kwa macho. Mvuke unaotoka kwenye mpira uliopasuka hauonekani, na mwenye kuutambua mapema ni pua peke yake.

GARI LINAVYOTUNZA MVUKE WAKE

Tangi la petroli linahitaji kupumua. Jua likiwaka, petroli hupanuka na kutoa mvuke zaidi, kwa hiyo tangi linataka kutoa pumzi. Injini ikinyonya petroli, nafasi tupu hubaki tangini na lazima hewa iingie, kwa hiyo tangi linataka kuvuta pumzi.

Pikapu za zamani sana, kama Peugeot 504 na Datsun 1200 za miaka ya 1970, nyingi zilipumua moja kwa moja hewani, kupitia tundu dogo la mfuniko au bomba jembamba. Mvuke ulipotea hivyo hivyo. California ilianza kudai magari yazuie mvuke huo mwaka 1970, na Marekani yote ikafuata mwaka 1971. Watengenezaji wa Japani nao waliingiza mfumo huo kwenye magari yao, na ndiyo sababu pikapu nyingi za petroli zilizokuja baadaye zina sehemu ambazo madereva wengi hawajui kazi yake.

Sehemu hizo si nyingi. Kuna mfuniko wa tangi wenye mpira wa kuzibia. Kuna mpira au bomba la mvuke linalotoka juu ya tangi. Kuna mkebe wenye makaa maalumu ndani yake, ambao mara nyingi hukaa chini ya boneti au karibu na tangi. Makaa hayo hushika mvuke gari linapoegeshwa. Halafu kuna mpira mwingine unaotoka kwenye mkebe hadi kwenye kabureta au njia ya hewa ya injini, na katikati yake vali. Injini ikishapata moto na gari likiwa mwendoni, vali hufunguka, injini hunyonya mvuke kutoka kwenye makaa na kuuchoma kama mafuta mengine. Mkebe pia una tundu la kupumulia linaloingiza hewa safi.

Mkebe huo si urembo. Fundi akiung'oa na kuuacha mpira wa tangi ukining'inia chini ya boneti, amechukua mvuke wa tangi zima na kuuelekeza kwenye injini ya moto, karibu na waya za plagi. Gari litawaka asubuhi kama kawaida na mwenyewe atashukuru. Hatari atakuja kuijua siku nyingine.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Gari lisogezwe mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mbali na mashine ya kuchomelea na mbali na shimo la gereji. Injini iachwe ipoe. Waya hasi wa betri ufunguliwe kabla ya kazi ya tangi kuanza, wala si katikati ya kazi mvuke ukiwa umeshatapakaa. Kizima moto cha unga au cha povu kiwe karibu, pamoja na ndoo za mchanga mkavu. Maji hayazimi moto wa petroli. Petroli huelea juu yake na moto hutembea nayo. Sigara na simu ziwekwe mbali. Kwa mwangaza, tochi iliyofungwa vizuri na iliyowashwa kabla ya kukaribia gari inatosha. Kiberiti hakitumiki kutafuta harufu hata siku moja.

Tangi tupu lisichomelewe. Watu hudhani tangi likishamwagwa limekuwa salama, kumbe tangi lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya mvuke, na tangi tupu limejaa mvuke na hewa kwa kipimo kile kile kinacholipuka. Tangi lenye tundu hubadilishwa, au hupelekwa kwa mtu mwenye vifaa na ujuzi wa kulisafisha mvuke kabisa.

MASWALI YA KUANZIA

Fundi mzuri huanza kwa kumuuliza dereva: harufu hutoka lini? Jibu la swali hilo humpunguzia nusu ya kazi.

Ikiwa hutoka baada ya kujaza mafuta tu, atazame mfuniko, shingo ya tangi na mpira unaounganisha shingo na tangi. Ikiwa hutoka tangi likiwa limejaa na gari likipita kwenye mashimo au kona, atazame juu ya tangi, kwenye gasketi ya geji ya mafuta. Ikiwa hutoka gari likiwa limeegeshwa juani kwa saa kadhaa, ashuku mkebe wa makaa au mpira wake. Ikiwa hutoka dakika chache baada ya kuzima injini ya moto, aangalie kabureta, kwa kuwa petroli iliyomo huendelea kuchemka kwa joto la injini. Na ikiwa harufu huongezeka injini ikizunguka na hupungua ikizimwa, huenda huo si mvuke tu. Huenda ni petroli yenyewe inavuja kwenye njia yenye msukumo wa pampu, na gari hilo lisiendeshwe tena hadi litengenezwe.

Swali la pili: je, gari hudhoofika na kuzima baada ya mwendo, kisha hukubali kuwaka mfuniko wa tangi ukifunguliwa? Ikiwa mfuniko ukifunguliwa husikika hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tangi haliwezi kuvuta pumzi. Njia ya hewa imeziba. Dawa inayotumika sana mitaani ni kutoboa mfuniko kwa msumari, au kuutupa na kuziba kwa tambara au mfuko wa plastiki. Gari hutembea, lakini ugonjwa umebaki pale pale, na sasa mvuke una mlango wa wazi. Tambara nalo hulowa petroli na kuwa utambi. Mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Kuikuta bado kwenye shingo za matangi ni makosa mawili kwa wakati mmoja.

KUTAFUTA KWA UTARATIBU

Kazi huenda kutoka sehemu rahisi hadi ngumu, na kutoka nje hadi ndani.

Kwanza, macho. Vumbi la barabara za bara ni msaidizi mkubwa. Petroli ikivuja, hata kidogo, huosha vumbi au hulifanya ligande, na doa hubaki. Fundi atandike katoni safi chini ya gari usiku kucha, aitazame asubuhi. Doa kwenye katoni maana yake ni petroli ya maji. Katoni kavu na harufu kali maana yake ni mvuke.

Pili, mfuniko. Mpira wake uwe laini, usiwe na mpasuko wala kubonyea. Mdomo wa shingo usiwe na kutu iliyokula chuma. Mfuniko wa gari jingine unaweza kuingia na kukaza, lakini ukawa hauzibi, au hauna vali ya kuvuta hewa. Huu ndio ukaguzi wa bei rahisi kuliko yote na ndio unaorukwa zaidi.

Tatu, mipira na mabomba. Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na Nakuru au Nyeri. Hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi hushirikiana na mchanga uliojibana juu ya fremu na kula bomba la chuma hasa pale linaposhikwa na klipu, mahali ambapo macho hayafiki. Mpira nao hukaushwa na joto. Kwa hiyo kila klipu ilegezwe na bomba litazamwe chini yake. Kila mpira ukunjwe kwa vidole. Ukionyesha nyufa ndogo, umekwisha, hata kama haujaanza kuvuja. Mpira mpya uwe wa kubebea petroli. Mpira wa kumwagilia bustani au ule mweupe unaopitisha mwanga huwa mgumu na kupasuka baada ya muda mfupi.

Nne, mkebe wa makaa. Ufunguliwe na kushikwa mkononi. Mkebe mzima ni mwepesi na mkavu. Ukiwa mzito, ukichuruzika petroli, au chembe nyeusi zikionekana kwenye mpira unaokwenda kwenye injini, umeharibika. Tundu lake la kupumulia litazamwe kama limezibwa na mchanga au kiota cha mdudu.

Lakini fundi asiishie kubadilisha mkebe. Ajiulize petroli ya maji iliingiaje humo. Jibu la kawaida ni kujaza tangi hadi shingoni. Kwenye kituo cha mafuta, bomba la pampu hujikata lenyewe tangi likifika kiwango chake, na huo ndio mwisho. Dereva anayedai aongezewe kidogo tu anaisukuma petroli kwenye njia ya mvuke. Na sehemu kubwa ya kaunti hii watu hujaza kwa dumu na faneli, ambako hakuna kitu cha kujikata. Petroli hupanuka kwa karibu sehemu moja katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tangi la lita 60 lililojazwa alfajiri hadi shingoni, joto likipanda kwa nyuzi 15, litatafuta nafasi ya karibu lita moja zaidi. Lita hiyo itakwenda kwenye mkebe au ardhini. Basi anayejaza kwa dumu aache nafasi ya angalau lita tatu katika tangi la kiasi hicho.

Tano, vali ya kunyonyea mvuke. Injini ikiwa imepata moto, mpira unaotoka kwenye mkebe uchomolewe na kidole kiwekwe kwenye upande wa injini. Katika pikapu nyingi za kabureta, injini ikizunguka polepole hakuna kinachovutwa. Ikiongezwa kasi, kidole huhisi mvuto. Ikivuta wakati wote, vali imekwama wazi, na dalili zake ni injini kutetemeka polepole na kuwaka kwa shida baada ya kujaza mafuta. Isipovuta kabisa, vali imekwama ikiwa imefunga au mpira umeziba, na makaa hayapati nafasi ya kusafishwa.

Sita, kupima kwa hewa. Hapa ndipo ajali nyingi huandaliwa. Kompresa ya gereji isiunganishwe kamwe na tangi. Mfumo huu hupimwa kwa msukumo mdogo sana, takriban nusu paundi, ilhali gurudumu la pikapu hutiwa paundi 30 na zaidi. Njia salama kwa fundi wa kawaida ni kuchomoa mipira na mabomba, kuyaacha yakauke na kuisha harufu, kisha kuziba upande mmoja, kuingiza hewa kwa pampu ya mkono upande wa pili na kuzamisha kwenye karai la maji. Mapovu yataonyesha tundu, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Viungo visivyoweza kuchomolewa hupakwa povu la sabuni.

Gereji inayotaka kupima tangi zima inaweza kujitengenezea kipimo: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Maji yakipanda upande mmoja na kushuka mwingine hadi tofauti ikafika sentimita 35, msukumo umetosha. Hapo pampu husimama na maji hutazamwa. Yakibaki hapo kwa dakika kadhaa, mfumo ni mzima. Yakishuka, uvujaji upo, na povu la sabuni litauonyesha. Kazi hii hufanywa nje, kwa pampu ya mkono, gari likiwa kivulini, maana jua likilipiga tangi katikati ya kipimo maji yatapanda yenyewe na kumdanganya fundi.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwaka 1996 huwa na kompyuta inayowasha taa ya injini na kutoa namba ya hitilafu. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni mdogo, na P0456 ni mdogo sana, tundu la nusu milimita hivi. Namba hizo husema tundu lipo. Hazisemi liko wapi. Mwenye gari asikubali kuuziwa vali mpya kwa sababu tu mashine imesoma namba. Hatua zile zile sita ndizo zinazotoa jibu.

UPANDE WA BAHARI

Nahodha wa boti hana mkebe wa makaa wala vali, lakini tangi lake linapumua kwa namna ile ile. Tangi la kubebeka lina kifungio kidogo cha hewa juu ya mfuniko. Injini ikifanya kazi, kifungio hufunguliwa. Tangi likibebwa au likiwekwa, hufungwa. Nahodha akisahau kukifungua, pampu ya mpira iliyoko kwenye njia ya mafuta hubonyea na kubaki imebonyea, na injini huzima, pengine katikati ya mlango wa bahari. Pampu hiyo ikibaki laini daima, haikazi hata ikiminywa mara nyingi, basi njia ya mafuta inaingiza hewa mahali fulani, na palipo na tundu la kuingiza hewa pana tundu la kutoa mvuke na petroli. Aanze na viungio vya ncha mbili za mpira, atazame vipete vyake, kisha mpira wenyewe.

Tangi likiachwa juani limefungwa na bado limeunganishwa na injini, mvuke huvimba na kuisukuma petroli hadi kwenye injini, na kutoka hapo hadi ndani ya boti. Boti ikifungwa gatini, mpira wa mafuta uchomolewe na tangi liwekwe kivulini. Tangi la lita 25 nalo lisijazwe hadi mdomoni. Joto likiongezeka nyuzi 20 petroli yake huhitaji nafasi ya nusu lita.

Matangi na madumu yajazwe nchi kavu, yakiwa yamekaa chini, wala si ndani ya boti. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa chombo wakati wote wa kujaza, ili umeme unaojitengeneza kwa msuguano usirushe cheche. Abiria wapande baada ya mafuta kukaa sawa, wala si kabla.

Jambo moja kuhusu ngama lishikwe na kila nahodha na kila kijana anayemsaidia. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini au kugusa swichi yoyote, mbao za kukanyagia zifunuliwe na pua ishushwe hadi chini. Mtu akisimama wima hatanusa chochote, kwa kuwa mvuke umelala. Harufu ikiwepo, ngama ifuliwe, ikaushwe kwa matambara, upepo uachwe upite, na chanzo kitafutwe. Maji ya ngama yenye petroli yasimwagwe gatini, ambapo boti nyingine zimefungwa na watoto wanaoga. Betri nayo isikae chini ya kiti kimoja na tangi.

Barabarani, gari likishika moto dereva na abiria huruka na kukimbia. Baharini hakuna pa kukimbilia ila maji, na ndani ya boti kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali, mzee asiyejua tena kuogelea na mtoto mgongoni. Kila abiria awe amevaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka, na kila boti ya petroli iwe na kizima moto kinachofanya kazi, mahali ambapo mkono wa nahodha unafika.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwenye gari akubali kwamba mpira wa mfuniko na nusu mita ya mpira wa petroli ni bei ndogo. Petroli inayopotea kama mvuke ni pesa aliyokwisha kuilipa.

Fundi aseme ukweli. Akikuta mfumo umeng'olewa, amweleze mwenye gari kilichoondolewa na hatari iliyobaki. Kijana anayejifunza kazi asifundishwe kunyonya petroli kwa mdomo. Ikimwendea mapafuni inaweza kumuua.

Mwuza mafuta akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, biashara ya mafuta huhitaji leseni kutoka EPRA. Petroli haiwekwi ndani ya nyumba ya kulala, wala chini ya paa la makuti, wala pembeni mwa jiko la mama wa mahamri. Katika vichochoro vya mji wa kale wa Amu, ambako nyumba hugusana na gari la zimamoto haliwezi kupita, dumu moja ni hatari ya mtaa mzima.

Nahodha ahakikishe chombo chake kimekaguliwa kama inavyotakiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na asione ukaguzi kuwa usumbufu. Abiria naye ana haki ya kuuliza. Akisikia harufu ya petroli garini au botini, aseme, na asichekwe.

Moto ukitokea, watu waondolewe kwanza, upande unaotoka upepo, na simu ipigwe 999 au 112.

Kuanzia leo, kila dereva na kila nahodha akirudi kwenye chombo chake aanze na jambo moja: afungue mfuniko wa tangi, autazame mpira wake, aubonyeze kwa kidole. Ukiwa umepasuka, aubadilishe kabla ya safari ya kesho. Ukiwa mzima na bado ananusa petroli, aendelee na hatua inayofuata hadi apate inakotoka.